UZI MAALUM: Vyakula vya kienyeji na wanaovizalisha. Tuelezane kazi yenyewe, vipimo na mahali panapoharibika

#1 Kinu_na_Mchi

Wadau, salamu. Hapa Nairobi hoteli zikitangaza siku ya vyakula vya kienyeji, menyu hutaja mpishi na bei. Mboga yenyewe huandikwa tu "ya kienyeji", kana kwamba imeota jikoni. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Tukafurahi, tukapiga picha, lakini mtu akikuuliza mboga ya saga inavunwa siku ya ngapi, unatazama dari.

Uzi huu ni wa kumsifu mzalishaji kwa kuijua kazi yake. Leta chakula kimoja, kinakotoka, hatua zake na kinavyoharibika. Hadithi za utoto na chakula cha shosho zina nyuzi zake.

Nafungua na muthokoi wa Ukambani: mahindi makavu yaliyokobolewa kwa kinu hadi ganda la nje na ile ncha nyeusi ya punje vikatoka. Gorogoro moja (kopo la kupimia, kilo 2 hivi) hunyunyiziwa kikombe kimoja cha maji, huchanganywa kwa mkono, huachwa dakika 10 hivi. Maji ndiyo kazi yote. Yakipungua, ganda linang'ang'ania na punje inapasuka. Yakizidi, unatwanga uji. Mchi nao hauangushwi kwa hasira kama wa kusaga unga. Unateremshwa kwa mdundo mfupi ili punje zisuguane zenyewe kwa zenyewe. Ukisikia sauti imebadilika kutoka ya kokoto hadi ya kitu laini, ganda limeachia. Hapo unapepeta kwa ungo, unarudisha kinuni na maji kidogo, unatwanga tena. Duru 2 au 3 hivi, kisha turubai na jua la kutosha.

Kupika: vikombe 2 vya muthokoi kwa kikombe 1 cha maharagwe au mbaazi. Loweka usiku kucha, kila kimoja na chombo chake. Anza na maharagwe hadi yaanze kulainika, ndipo uongeze muthokoi. Ukivitia pamoja tangu mwanzo, kimoja kitaiva na kingine kitakusubirisha. Asiyeloweka atalipa kwa makaa.

#2 Mlaji_wa_Umoja

Mwenye uzi, ubarikiwe. Muthokoi wa kununua ukikaa wiki tatu kabatini unatoa harufu ya uvundo. Kosa ni la mahindi au ni la kabati?

#3 Ghala_Kavu

Ndugu Mlaji, kabati halina kosa. Muthokoi ni nafaka iliyokuwa kavu, ikanyunyiziwa maji mara tatu, ikavuliwa ganda lililokuwa likiilinda. Muuzaji akiukoboa asubuhi na kuufunga kwenye karatasi ya nailoni jioni, amekufungia ukungu.

Mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Huna mashine? Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa dakika 2 au 3, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Ikianguka yote chini, unyevu uko chini ya asilimia 15, umekaribia. Kipimo hiki hakifanyi kazi na chumvi yenye unyevu, na hapo ndipo wengi hukosea: wanatumia ya jikoni iliyokaa karibu na mvuke, wanalaumu mahindi mazuri.

Usiulize kwa nini tunasumbua watu na unyevu. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua. Kukoboa hupunguza sumu kwa sababu sehemu yake kubwa iko kwenye ganda, lakini hakuimalizi. Kuchemsha ndiyo kabisa hakusaidii. Punje zenye rangi ya kijani au nyeusi zitolewe kabla ya kinu, na zisipewe kuku.

#4 Mama_Munyu

Asante kwa uzi. Mimi naleta mrenda wa Vihiga na Kakamega pamoja na munyu wake, maana huku Nairobi mrenda unapikwa kama sukumawiki halafu watu wanasema hauna ladha.

Munyu ni maji ya majivu. Malighafi iliyo bora ni maganda makavu ya maharagwe, yale yanayobaki baada ya kupura. Yachome peke yake, mahali safi, pasiwe na karatasi wala plastiki, hadi yawe majivu ya kijivu hafifu. Yakibaki meusi hayajaungua vizuri na munyu utanuka moshi. Toboa matundu madogo chini ya kopo, tandika nyasi safi zikunjwe kama kichujio, jaza majivu bila kuyashindilia sana, kisha mimina maji kidogo kidogo. Ukimwaga kwa pupa, maji yanachimba njia moja katikati na kupita bila kubeba kitu. Yanayodondoka kwanza yana rangi ya chai ya rangi. Hayo ndiyo makali. Mkupuo wa pili huwa mwepesi, tumia vijiko zaidi.

Sasa mboga. Mrenda mafungu 3, majani ya kunde mafungu 2, yachambuliwe yabaki majani matupu. Chemsha vikombe 2 vya maji pamoja na vijiko vikubwa 3 vya munyu wa kwanza. Tia kunde, ziive dakika 10 hivi. Ongeza mrenda uliokatwakatwa, koroga, dakika 5 hadi 10 nyingine. Chumvi ya kawaida ionjwe mwisho kabisa. USIFUNIKE. Mrenda hutoa povu, unapanda ghafla kama maziwa na kuzima jiko. Ukitaka uvutike zaidi, upige kwa mwiko ukiwa motoni. Ukitaka uteleze kidogo, ongeza kunde.

#5 Steji_ya_Posta

Mama, nimefuata mambo haya ya munyu na sufuria imegeuka nyeusi ndani. Halafu, kwa nini tusitumie magadi tu? Yako kila duka.

#6 Mama_Munyu

Sufuria yako ni ya alumini. Munyu ni mkali wa kula alumini, ndiyo maana ilibadilika rangi. Pikia chungu cha udongo au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, na munyu wenyewe uweke kwenye chupa ya kioo.

Magadi nayo yanafanya kazi ya kulainisha, sibishi. Robo kijiko cha chai inatosha chungu kizima. Tatizo ni mkono: magadi ni makali kuliko munyu, yakizidi kidogo mboga inakuwa na ladha ya sabuni na majani yanayeyuka. Pia ukali huo unaharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo yeyote anayetia kijiko kizima ili "ziive haraka" anakula kijani kitupu.

#7 Mto_Nzoia

Naongezea kwa Mama Munyu. Kando ya mto Nzoia kuna akina mama wanaotengeneza chumvi kutokana na matete yanayoitwa muchua. Matete hukatwa, hukaushwa, huchomwa, majivu yakachujwa kwa maji kama ya munyu. Tofauti ni hatua ya mwisho: maji yanachemshwa hadi yakauke na kubaki chumvi, nayo hufungwa kwa majani ya mgomba. Ukiihesabu kuni na saa za kukaa kwenye moto, utaelewa kwa nini haiwezi kuuzwa bei ya pakiti ya dukani. Anayekuuzia kwa bei hiyo, amekuuzia kitu kingine.

#8 Chinsaga_Asubuhi

Zamu ya saga. Kisii ni chinsaga, Wajaluo huiita dek au akeyo, Waluhya tsisaka. Mmea ni uleule. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT amezitafiti mboga hizi miaka mingi na kuzitoa kwenye jina la "chakula cha maskini", kwa hiyo sayansi yake haina mgogoro. Mgogoro uko kwenye kuvuna na kupika.

Shambani mbegu hupandwa moja kwa moja, mistari ikiachana sentimita 30, kina kisizidi sentimita 1. Mbegu ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisimwagike rundo. Wiki ya tatu miche inapunguzwa hadi nafasi ya sentimita 10 hadi 15, na hiyo inayong'olewa huuzwa. Ndiyo maana sokoni unaona mafungu mengine yana mizizi: ni ya kupunguza, laini, machungu kidogo tu. Kuanzia wiki ya tano hivi mkulima anakata ncha. Kukata ncha ndiko kunakofanya mmea utoe matawi na kuchelewa kutoa maua. Mvua ikikatika, au ncha ikiachwa, saga inakimbilia maua, majani yanakuwa madogo na uchungu unapanda. Ukiona fungu lina maua meupe au vile viganda virefu vya mbegu, umechelewa siku kadhaa; omba bei ipungue au tafuta jingine.

Mapishi ya mafungu 4 ya saga na 1 la managu: chambua majani na ncha laini, osha mara 3, tia kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo. Dakika 15 hadi 20. Kama ni chungu sana, mwaga maji, lakini kumbuka unamwaga na vitamini. Njia ya wenyewe ni maziwa. Punguza moto hadi chungu kiache kutokota, mimina kikombe 1 cha maziwa na nusu kikombe cha malai, acha kichemke polepole hadi maziwa yashike majani. Usitie nyanya! Asidi yake ikikutana na maziwa ya moto, yanakatika vipandevipande na mboga inaonekana kama imetapikwa. Iache ilale usiku, ipashe kesho yake na kuongeza maziwa kidogo. Siku ya pili ndiyo saga yenyewe. Kwa chungu kilichofunikwa na mahali pa baridi tu. Jikoni pa Nairobi mwezi wa Februari, weka friji.

#9 Gunia_la_Kangemi

Chinsaga, umenena, ila mboga hiyo ina usiku mmoja wa mateso kabla haijafika chunguni, na hapo ndipo mkulima hupoteza.

Mboga ya Nairobi huvunwa alasiri, jua likishapoa, ikasafiri usiku, ikafika masoko ya Kangemi, Marigiti au Muthurwa kabla ya alfajiri. Haioshwi shambani. Majani yenye maji yakishindiliwa yanaoza. Yakikauka kabisa yananyauka. Kwa hiyo: nyunyizia kidogo kwa kiganja, acha yapumue nusu saa kivulini, tandika majani ya mgomba chini ya gunia na pembeni, panga mafungu yakisimama wima, ncha juu. Gunia la katani au lile la wavu. Gunia la nailoni lililoshonwa mdomo ndilo adui. Mboga iliyokatwa bado inapumua, inatoa joto, na joto la katikati halina pa kutokea. Ukifika alfajiri ukatia mkono katikati ya gunia ukasikia vuguvugu, majani yale yatakuwa ya njano kufikia saa nne asubuhi.

Wanaoagiza kwa basi la usiku: gunia lako lisiwe chini ya mizigo ya viazi. Mlipe mpakiaji wa buti kitu kidogo aliweke juu. Pesa hiyo ni ndogo kuliko nusu gunia la njano. Na tafadhali lipeni kwa kilo, si kwa "fungu". Fungu la mvua na fungu la kiangazi havilingani, na anayeumia wakati wa mvua ni yule aliyevuna.

#10 Mlaji_wa_Umoja

Na majani ya managu (mnavu)? Watu wanasema yana sumu.

#11 Chinsaga_Asubuhi

Tunakula majani. Matunda mabichi ya kijani ndiyo ya kuepuka. Yakiwemo kwenye fungu, yatoe. Majani yaliyokomaa wakati wa kiangazi huwa machungu zaidi, kwa hiyo nunua yenye ncha inayovunjika kwa ukucha. Tuendelee.

#12 Kibuyu_Cheusi

Mursik, maziwa ya kuchacha ya Wakalenjin. Hapa mjini chupa ya mtindi wenye vumbi la makaa inaitwa mursik, na inatuudhi.

Kwanza ni kibuyu, sotet. Kibuyu kipya ni kichungu. Kijaze maji, kiache siku kadhaa ukibadilisha maji, kisha tia vijiwe vidogo na maji, kitikise hadi nyama ya ndani itoke yote. Ukibakisha, maziwa ya kwanza utayamwaga. Baada ya hapo kinaoshwa kwa sosiot, ule mswaki mrefu wenye nyuzinyuzi, kikaushwe kichwa chini hadi ndani pasiwe na unyevu hata wa kugusa. Kibuyu chenye unyevu ndicho chanzo cha ukungu wa kijani mdomoni.

Mti wa makaa unaopendwa ni senetwet. Kijiti kinachomwa hadi ncha iwe kaa jekundu, kinaingizwa kibuyuni na kusuguliwa ukutani, kaa likisagika na kupaka ndani kote. Unarudia hadi kuta ziwe nyeusi sawasawa, kisha unageuza kibuyu na kukigonga ili mabonge yadondoke. Mursik wenye mchanga mdomoni ni kazi ya mtu aliyeruka hatua hii.

Maziwa yachemshwe, yapoe kabisa, yamiminwe. Yachemshwe kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria ya brusela, na makaa hayaiui. Yakimiminwa yakiwa na joto, yanachacha vibaya, yanatoa maji juu na harufu kali. Acha nafasi ya vidole 4 juu kwa ajili ya gesi. Funga, weka mahali pa baridi na giza. Siku 3 unapata laini, wiki moja unapata mwenye msimamo. Kabla ya kunywa tikisa vizuri hadi rangi iwe ya kijivu cha samawati.

#13 Steji_ya_Posta

Kwa nini isiwe makaa ya jikoni tu?

#14 Kibuyu_Cheusi

Kwa sababu hujui ni mti gani, na ladha ya mursik ni ya mti. Wapokot wana mtindi wao, nao huutia majivu ya mti wa cromwo baada ya maziwa kuganda, si kabla. Rangi inakuwa kijivu, harufu yake ni tofauti kabisa na ya senetwet. Ukiutengeneza kwa makaa ya gunia la mtaani, ambayo huenda ni ya mbao zilizopakwa dawa, umetengeneza rangi nyeusi, basi.

#15 Mzinga_wa_Gogo

Asali, kwa ufupi maana nyuzi zake ni nyingi humu. Iwe ya Kitui, Baringo au ya Waogiek wa Mau, mambo matatu.

Uzito: lita 1 ya asali nzuri ina kilo 1.4 hivi. Mtungi wa lita 20 uliojaa ukaribie kilo 28, bila uzito wa mtungi. Ukipima ukapata 26, maji yamezidi, na asali yenye unyevu wa juu ya asilimia 20 itachacha. Chupa ya nusu lita iwe na gramu 700. Anayenunua kwa lita na kuuza kwa kilo, huyo ndiye anajua hesabu kuliko mrina asali.

Kuvuna: masega yaliyofunikwa nta angalau robo tatu. Kwenye mzinga wa gogo masega ya asali, ya chavua na ya majana yamekaa pamoja. Yakikamuliwa yote kwa mpigo unapata kitu kisicho angavu kinachochacha. Yatenganishwe kwa mkono, ya asali yapondwe, yachujwe kwa kitambaa, asali itulie ndooni siku 2 au 3, povu liondolewe juu. Moshi uwe kidogo, asali inashika harufu.

Kuganda: asali ikiganda si sukari iliyotiwa. Ni glukosi yake yenyewe. Weka chupa kwenye maji ya joto ambalo mkono unavumilia, iyeyuke polepole. Ukiichemsha umebaki na sharubati.

#16 Mlaji_wa_Umoja

Na kile kipimo cha kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali kuona kama itawaka? Na eti sisimizi hawaili asali halisi?

#17 Mzinga_wa_Gogo

Njiti itawaka hata kwenye sharubati nzito ya sukari. Sisimizi wanaila asali halisi kwa furaha. Nunua kwa mzani na kwa mtu unayejua mizinga yake iko wapi.

#18 Wavu_wa_Dunga

Omena (dagaa) wa Ziwa Victoria, dakika moja. Wanavuliwa usiku kwa taa, giza la mwezi ndilo msimu mzuri. Waliokaushwa juu ya neti iliyoinuliwa wana rangi ya fedha, hawana mchanga. Wa kukaushwa juu ya mchanga utawasikia menoni hata uoshe mara ngapi. Mvua ikiwakuta nusu kavu, wanageuka rangi ya kahawia na kunuka. Hao ni wa chakula cha mifugo, lakini sokoni huchanganywa. Chota kutoka chini ya gunia, si juu. Nyumbani: maji ya moto dakika 5, suuza mara 3 ukiwanyanyua kwa mikono badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini. Kaanga peke yao hadi wakauke, ndipo kitunguu na nyanya. Ukikoroga sana wanavunjika.

#19 Steji_ya_Posta

Chinsaga, nimepanda saga kwenye magunia kibarazani, mbegu ya kukamua mwenyewe mwezi uliopita. Wiki mbili, hakuna kitu. Mbegu imekufa?

#20 Chinsaga_Asubuhi

Haijafa, imelala. Mbegu mpya ya saga haioti vizuri hadi ikae miezi 3 hadi 6. Ndiyo maana mkulima anauza mbegu ya msimu uliopita na kukuwekea ya msimu huu. Ianike kivulini, iweke kwenye chupa iliyofungwa pamoja na majivu makavu kidogo kuzuia wadudu, bandika tarehe. Kwa sasa tafuta ya zamani, ipande juujuu, funika kwa samadi iliyooza na kuchekechwa, unene wa ukucha tu. Mwagilia kwa kunyunyizia asubuhi na jioni. Ukimwaga maji kwa jagi, mbegu zote zitaenda pembeni mwa gunia.

#21 Kinu_na_Mchi

Wimbi na mihogo ya Busia bado haijaletwa. Mwenye vipimo vya kuchanganya kabla ya kisiagi, nafasi ni yako.